Maji ya Kisima cha Tackett

Wasomi wana ugonjwa mmoja: ukiwauliza jambo, wanakujibu hilohilo, hawaongezi wala hawapunguzi. Delphine Kruckow alikuwa nao tangu utotoni, na vyuo havikumponya. Vilimkomaza.

Alizaliwa shambani, kwenye mahindi na nguruwe, akasomea maji ya chini ya ardhi mpaka akawa daktari asiyetibu mtu. Mwaka ule alichaguliwa kwenye mpango wa kupeleka wanasayansi katika bunge la jimbo, wakae na wabunge mwaka mzima na kuwaelewesha mambo. Akapewa meza ghorofa ya chini, kwenye jumba la bunge lililo kilimani kando ya Mto Missouri, na sharti moja: aeleze, asishawishi. Asithubutu kumwambia mbunge apige kura gani. Delphine alilishika sharti lile kama mlokole na Biblia yake.

Majira yote ya baridi alizunguka mashambani akipima visima. Mbolea na kinyesi cha nguruwe huacha chumvi iitwayo naitreti, isiyo na rangi wala ladha, inayozama taratibu hadi kwenye maji. Mwenyekiti wa kamati ya kilimo, Bi Verlene Stroud, alikuwa na mswada wa kutaka kila kisima kipimwe. Wakulima waliokuwa kwenye kamati hawakuutaka hata kuusikia. Leo wanapima kisima changu, walisema, kesho wananikataza nguruwe.

Siku ya kura, mzee Orville Tackett, mfugaji wa nguruwe na mmoja wa wabunge wa kamati ile, aliingia kikaoni na dumu la maji, akalitua mezani mbele ya Delphine.

"Daktari, haya ya kwangu. Si ulikuja ukayapima?"

"Niliyapima, Mheshimiwa. Chumvi yake imezidi kiwango cha usalama zaidi ya mara mbili."

"Ehe. Sasa niambie ukweli wa Mungu. Wewe mwenyewe ungeyanywa?"

Hapo mwanasiasa angekohoa, angeuliza habari za nyumbani, angepiga chenga. Delphine alijiuliza tu kama mtu mzima mwenye afya anaweza kunywa glasi moja asidhurike, akaona anaweza.

"Ndiyo," akasema. "Ila kuna—"

"Mmiminieni!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Glasi ikaletwa, naye, kwa kuwa alikuwa amesema kweli, akanywa. Watu wakapiga makofi. Ile "ila" yake ikafia humo humo katika kelele, na Bi Verlene alipogonga nyundo akaomba kura, mswada ukaanguka, sita kwa watano.

"Mwanangu," Bi Verlene akamnong'oneza akikusanya vitu vyake, "umenimaliza."

Delphine alitoka akiona aibu mpaka masikio yanawaka. Alikuwa hajasema uongo hata chembe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Orville alimkuta nje ya ukumbi, anachemka kwa furaha. "Usininunie bwana, Daktari. Wewe ni jasiri. Hata binti yangu nitamsimulia. Amejifungua Jumanne, yuko kwangu na mtoto. Kule kwake amezoea maji ya bomba, basi ananiletea maringo: eti hampi mtoto maziwa mpaka ayachemshe maji kwanza."

Delphine akasimama. "Mtoto hanyonyi?"

"Anapewa ya unga, ya kopo. Maziwa ya mama hayajatoka vizuri."

"Mheshimiwa, mpigie simu sasa hivi. Asimpe tena maji hayo."

"Si nimekwambia anayachemsha?"

"Kuchemsha ndiko kunakozidisha! Maji yanapungua, chumvi inabaki palepale. Mtoto mchanga damu yake haiwezi kuihimili, inashindwa kubeba hewa. Anageuka rangi, midomo inakuwa ya bluu. Mpigie!"

Mzee alipiga simu papo hapo. Mtoto alikuwa mzima, amelala. Alipokata simu, uso ulikuwa umempauka kama majivu.

"Mbona hukuyasema mle ndani, wee mwanamke?"

"Uliniuliza mimi kama ningekunywa. Hukuniuliza habari za mtoto."

"Loo! Na mswada umeshakufa."

"Kanuni inasema mbunge aliyekuwa upande ulioshinda anaweza kuomba kura irudiwe, mwisho kesho."

Orville akamkazia macho. "Unaniambia niombe?"

"Siruhusiwi. Nakueleza kanuni."

Usiku ule Delphine hakuonja chakula. Alimchukia mzee yule kwa kucheka, akajichukia mwenyewe zaidi, na aliogopa kwamba mjukuu akishanunuliwa maji ya dukani, babu atanyamaza, na watoto wa wengine wataendelea kunyweshwa maji ya visima vyao.

Asubuhi Orville aliomba kura irudiwe. Wenzake wakamrukia.

"Vipi, Tackett? Jana umemnywesha mwenyewe, leo umeokoka?"

"Jana niliuliza swali la kipumbavu," akajibu. "Mwenyekiti, naomba nimuulize daktari lingine."

Bi Verlene akaruhusu. Delphine akasimama kwenye viti vya nyuma.

"Maji yale yale ya kwangu. Mtoto wa juma moja ayanywe?"

Maelezo yakamjaa Delphine kooni: viwango, vipimo, hali ya hewa, kina cha kisima, wale watoto wachache ambao huenda wasidhurike. Akawatazama wajumbe mmoja mmoja, akayameza yote.

"Hapana," akasema, akakaa.