Siku Saa Ilipotangaza Nimeanguka

Hii stori mimi siipendi hata kidogo, na kama si kwamba Kariobangi nzima tayari inaijua na wanaisimulia vibaya (kuna mahali nimesikia eti nilipatikana nimelala kwa mtaro, uongo mtupu), ningeinyamazia mpaka kaburini. Lakini acheni niiseme mwenyewe, angalau aibu yangu nijipakulie kwa mkono wangu.

Mimi ni mtu mnene. Si mnene wa kuambiwa kwa upole, ni mnene wa kuambiwa na mtu wa boda boda, "Mzee, tafuta mwingine." Daktari alinipima presha, akaangalia mashine, akaniangalia mimi, akapima tena, halafu akasema nikiendelea hivyo siku moja nitaanguka nisiinuke. Aliyasema hayo mbele ya mke wangu, Mama Mwende, na tangu siku hiyo nikikohoa tu usingizini yeye anaamka. Ndipo binti yetu Mwende, ambaye anafanya kazi ya ofisi tauni na anajua hivi vitu, akaninunulia saa ya mkononi ya kuhesabu hatua. Akaiunganisha na simu yangu, akabonyeza huku na kule, akasema, "Baba, hii hata ukianguka itajua. Itakuuliza kama uko sawa, usipojibu itamtumia Mum meseji na mahali uko." Nikasema vizuri sana, na hapo hapo nikasahau.

Wiki za kwanza nilitembea kweli, Mungu ni shahidi. Kila jioni natoka kwa ploti, napita mafundi wa jua kali, nafika barabara kubwa narudi, nahema, jasho linaingia machoni, na nikikaa kidogo saa inanitetemekea mkononi: inuka, tembea. Tukimaliza kula (sukuma na kipande cha ugali ambacho hata mtoto angekilalamikia), Mama Mwende ananishika mkono, anaangalia hatua, anatabasamu. Sasa jioni moja goti likaniuma, nikaamua nipumzike kidogo tu kwa base, kijiwe cha wazee cha kuchezea drafti, pale nyuma ya mafundi wa kugonga masanduku ya mabati. Hiyo kidogo tu ndiyo iliyonimaliza.

Kwa wale hamjaona drafti ya mtaa wetu, haichezwi kwa adabu. Tunatumia vizibo vya soda, na ukimla mtu lazima ukipigize kizibo kwa ubao, pwaa, halafu urushe mikono na umweleze vile umemla na vile babake pia hakujua kucheza. Nilirudi nyumbani giza likiingia, nikijua leo nimepatikana. Mama Mwende akaangalia saa, akapiga makofi. "Leo umeweza!" Kumbe ile mikono yote niliyorusha, saa ilidhani natembea. Ningesema ukweli papo hapo, mambo yangeishia hapo. Mimi nikasema, "Tunajaribu."

Basi ikawa kila jioni navaa raba, naaga kama mtu wa mbio, moja kwa moja mpaka base. Mama Mwende akanisifu mpaka kwa jumuia, ile ya kanisa inayokutana kila wiki kwa nyumba ya mmoja wao, na mwenyekiti wao Mama Njeri akatoa shukrani kwa Mungu akinitaja kwa jina. Siku moja mke wangu akaniuliza mbona suruali hailegei. Nikamwambia hiyo sasa ni misuli. (Misuli! Ya tumbo!)

Jioni ya mkasa nilikuwa nimekaa na Mzee Karanja, dereva wa lori aliyestaafu, mdomo kama redio, na alikuwa amenipiga wiki nzima. Siku hiyo akakosea, nikaona njia ya kumla kete tatu kwa mpigo. Sikukimbilia. Nikameza mutura iliyokuwa mdomoni (ndiyo, na mutura pia ilikuwepo, ile soseji ya matumbo ya kuchoma), nikainuka nusu, nikapandisha mkono juu kabisa na kuushusha kwa nguvu zangu zote. Ubao uliruka, vizibo vikatawanyika, watu wakapiga mayowe. Saa ikatetemeka. Nikadhani ni yale yale ya inuka utembee, nikaiambia, "Ngoja." Ikatetemeka tena, nikaifunika na mkono wa shati nikaendelea kumtusi Karanja. Simu nayo ililia mfukoni sijui mara ngapi, lakini pale mafundi wakigonga mabati hata uitwe na malaika husikii.

Mama Mwende alikuwa kwa Mama Njeri, katikati ya rozari, meseji ilipoingia: mume wako ameanguka kwa nguvu, hajibu, yuko hapa. Waliokuwepo waliniambia hakumaliza kusoma.

Mimi nilichoona ni Karanja ameangalia nyuma yangu na mkono wake umesimama hewani. "Baba Mwende," akasema, "kwani umekufa?"

"Nani?"

"Kuna watu wanakuja kukulilia."

Nikageuka. Jumuia nzima ilikuwa inakuja mbio na leso zao, Mama Njeri ameshika chupa ya maji ya baraka, nyuma yao mkokoteni umetandikwa godoro na mwenye mkokoteni anapiga kelele, "Kando! Kando! Mgonjwa!" Na mbele yao wote, bila viatu, kitambaa cha kichwa kimeanguka huko njiani, alikuwa Mama Mwende, ambaye ngazi za kwetu tu humfanya asimame mara mbili kupumua. Mafundi wakaacha kugonga.

Alinifikia akanishika kichwa, mabega, kifua. "Wapi? Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Meseji imesema umeanguka!"

"Sijaanguka. Ni vile... nilikuwa nimemla Karanja."

Mama Njeri akaangalia ubao, akaangalia mutura, akaniangalia mimi, akafunga kifuniko cha ile chupa polepole. "Kwa hivyo hapa ndipo unatembelea," akasema. Mtu mmoja akacheka, na base yote ikafuata.

Mama Mwende hakucheka wala hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alikaa kwa benchi, akalia. "Nilikuwa njiani nawaza nitampigia Mwende nimwambie nini," akasema. Jamani, moyo uliniuma. Nikamwambia yote, hapo hapo mbele ya watu, goti, mikono, misuli, yote, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi kuliko siku yoyote tangu nivae ile saa. Yeye naye akanishika mkono na hakuuachilia.

Mwenye mkokoteni akauliza, "Sasa mgonjwa ni nani? Mimi nimelipwa, lazima nibebe mtu."

"Mgonjwa ni huyu," Mama Njeri akasema, akionyesha miguu ya mke wangu, imechubuka na imejaa vumbi. "Na wa kuvuta ni yule."

Nikavuta. Mama Mwende juu ya godoro, jumuia nyuma wakiimba (walikuwa wameamua wimbo wa shukrani, siwezi kuwalaumu), watoto wakikimbia kando, mwenye mkokoteni akinifundisha, "Egemea mbele, mzee, usivute na mikono!" Nilitoka jasho ambalo sijalitoa miezi yote, na kwa vile mikono ilikuwa imeshika vyuma imetulia, saa haikuhesabu karibu chochote.

"Baba Mwende," nikasikia nyuma yangu, "umechoka?"

"Sijachoka." Nilikuwa nakufa.

"Basi pitia sokoni, nataka nyanya." Na nikasikia anacheka, anacheka kabisa, ameziba mdomo na leso. Nikapinda kona ya sokoni, mahali ambapo hakuna mtu asiyetujua, nikashukuru Mungu.

Siku hizi natembea kweli, polepole, yeye kando yangu, na goti tulilipeleka kwa daktari. Karanja akiniita namsalimia nikiwa mbali. Kuidanganya saa niliona si kitu, ni saa tu. Lakini kumwona mke wako anakuja mbio miguu mitupu akiamini tayari umekufa, ule uso, sitaki kuuona tena maishani mwangu, na sitafanya tena jambo la kuuleta.