Moto Ulioinama

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumamosi asubuhi, Fordsburg, hapa Johannesburg, nyuma ya duka la vyombo, ndani ya kibanda cha mabati cha Mzee Mbaruku, fundi wa kukereza vyuma. Nakuita mwanangu, nawe usicheke. Ndevu zangu bado zinahesabika, na shule yangu iliishia darasa la sita kule Uvira, Kongo. Lakini katika mji huu aliyetangulia kushuka basi ndiye mkubwa, na mimi nilishuka kabla yako. Basi kaa, nikupe lile moja ninalolijua.

Nilikuwa mlinzi wa mlango katika jengo la ofisi, Marshalltown. Kutwa nzima "karibu", "asante", "siku njema", na watu wanapita macho yao yakiwa kwenye simu. Jioni narudi Yeoville, chumba changu kiko juu ya saluni, nakuta shuka imekaa vile vile nilivyoiacha. Mimi ni mtu wa kucheka, hata sasa. Ila kicheko cha mtu mmoja chumbani hakiendi mbali. Hugonga ukuta kikakurudia.

Mzee Mbaruku nilimpata kwa sababu ya kitasa cha jengo kilichovunjika, nikatumwa kwake akichonge upya. Alikuwa mtu wa Tanga, amekaa Johannesburg mpaka akawa anatania watu kwa Kizulu. Nikamwambia, "Habari, Mzee." Akanitazama juu ya miwani.

"Kwenu hakuna shikamoo?"

"Kwetu Uvira hatuna, Mzee."

"Basi ichukue hapa. Nina akiba ya kutosha."

Tangu hapo kila Jumamosi nilikuwa kwake, tunakunywa chai ya tangawizi. Mji mzima huu, yeye peke yake ndiye aliyeniita Bahati. Wengine wote waliniita "sekyuriti".

Sasa Jumamosi ile alinifungulia sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na vipande alivyovisubu mwenyewe: aliyeyusha vyuma vikuukuu, akamimina kwenye kalibu za mchanga, akatoa kitako, silinda, gurudumu, na vikono vidogo vidogo. Bado vilikuwa na makovu na mchanga uliogandia pembeni. Vilikuwa vya feni ndogo, kimo chake kiganja kimoja na nusu, isiyojua umeme. Unaweka taa ya spiriti chini ya silinda, hewa iliyo ndani inapata moto, inatanuka, inaisukuma pistoni. Ikipoa, pistoni inarudi, na mapanga yanazunguka. Aliiona utotoni juu ya meza ya mfanyabiashara mmoja, hakuisahau maisha yake yote.

Siku zile umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, na mimi kwa ndoto sijambo. Nikaruka, "Mzee, tutaipepea Yeoville nzima!"

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Feni hii haimfukuzi hata nzi mvivu, Bahati. Inazunguka tu. Hiyo ndiyo kazi yake."

Kisha akairudisha miwani machoni. Macho yake yalikuwa yanazimika, ugonjwa ambao daktari alimwambia haurudi nyuma. Watoto wake walikuwa wamemwita nyumbani moja kwa moja, na basi lake lilibakiza wiki nne. "Kumimina nimemimina," akasema, "lakini mstari wa tupa siuoni tena. Chonga wewe. Nataka niione ikizunguka kabla sijaondoka. Uwe unakuja nayo kila Jumamosi, tuitazame pamoja."

Akanipa pistoni mkononi. "Hii nimeikereza nene kidogo, makusudi. Isugue kwa unga laini na mafuta. Kidogo, pima. Kidogo, pima. Ziba mdomo wa chini wa silinda kwa kidole, pistoni ibaki hewani. Ondoa kidole, ishuke yenyewe bila kusukumwa. Hapo uache."

Wiki ile nilikuwa na raha, mwanangu, nisikufiche. Nikitoka kazini nakaa dirishani na tupa, nalainisha kitako, nang'arisha gurudumu, naimba. Ijumaa nikaifikia pistoni. Ule unga laini ulinichosha roho. Nilitaka kesho yake nimfikie Mzee na kazi iliyokwisha, apige kofi la furaha. Nikachukua msasa wa kusugulia milango. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Mimi gogo langu lilikuwa na unene wa kidole gumba. Nilipoziba mdomo wa silinda, pistoni haikubaki hewani. Ilianguka pu, kama jiwe kisimani.

Nilipokosea ni baada ya hapo. Si pale kwenye msasa.

Jumamosi sikwenda. Nikaandika, "Nina zamu, Mzee." Jumamosi ya pili, "Sharp, poa tu, Mzee, bado kidogo." Ya tatu nikaizima simu, nikalala mchana kama mgonjwa. Na wewe unaijua tabia yetu sisi wa huku. Mama akipiga simu, tuko sawa. Pasta akiuliza, tuko sawa. Tunajipiga picha kwenye magari ya wengine. Mdomo unazoea, mpaka siku moja unamjibu hivyo hivyo mtu pekee ambaye ungeweza kumwambia ukweli.

Jumamosi ya nne akapiga mwenyewe. "Umefikia wapi?"

Ulimi ukanitangulia. "Inazunguka, Mzee!"

"Inazunguka?" Sauti yake ilipanda kama ya mtoto. "Basi kesho nasafiri, nirekodie kwa simu, unitumie nione humo."

Nikashuka saluni kwa Mama Neema, Mkongomani mwenzangu, nikaazima kwake mashine ya kukaushia nywele.

"Weye, unaenda kukausha nani?" akaniuliza.

"Feni, Mama."

"Feni iko na nywele? Eish! Upweke utakuua, mtoto. Bon, dakika kumi tu, niko na mteja, kichwa kimelowa."

Nikawasha taa ya spiriti chini ya silinda, nikashika mashine ile mbali kidogo, isionekane, nikapuliza. Mapanga yakazunguka vizuri kabisa. Nikamtumia. Baada ya muda mrefu ikaja sauti yake, "Nimeona. Ahsante, Bahati." Basi. Nikajiambia nimempa furaha yake. Mama Neema alipoichukua mashine yake aliniuliza mbona sicheki.

Kesho yake, Jumapili, nilimsindikiza Mzee kwenye stesheni ya mabasi. Alikuwa na begi moja na kofia mpya. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono hakuuachia.

"Macho yangu sasa yanaona kama kupitia tundu la ufunguo," akasema. "Lakini humo kwenye tundu mna mwanga. Moto wako ulikuwa umeinama."

Nikaitazama kofia yake mpya.

"Moto wa mashine ile husimama wima, maana hakuna upepo unaoingia, upepo unatoka kwake. Wako ulilala upande. Ulipulizwa na nini?"

"Mashine ya saluni, Mzee." Nikamweleza yote, na msasa.

Nilitegemea hasira. Akatikisa kichwa. "Kila anayeanza huilegeza pistoni ya kwanza. Mimi niliharibu tatu." Akaingiza mkono kwenye begi, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na pistoni nyingine, nene kidogo. "Hii niliikereza siku moja na ile uliyoharibu. Imekaa kwenye droo inakusubiri. Kila Jumamosi nilimimina vikombe viwili. Nilipoona huji, nikavinywa vyote viwili." Akatabasamu, akaniwekea pistoni kiganjani. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Chuma kikiharibika hurudi kalibuni, kikamiminwa upya. Jumamosi zangu nne utazimimina kwenye kalibu gani?"

Wakaita abiria. Akapanda. Nilipunga mkono mpaka basi likapita robot, zile taa za barabarani za kona, ingawa nilijua haoni mbali hivyo.

Pistoni ya pili niliisugua kwa unga laini, kidogo, pima. Ilinichukua miezi, maana mara nyingi niliiweka chini nikaitazama tu. Siku moja mchana nikaziba mdomo wa silinda, ikabaki hewani. Nikaondoa kidole, ikashuka yenyewe. Nikawasha taa. Nikalisukuma gurudumu kwa ncha ya kidole, likapita, likarudi, halafu likashika mwendo. Tik, tik, tik. Chumbani palikuwa na mimi na viti viwili.

Nikapiga simu Tanga. Mjukuu wake akampelekea simu. Sasa macho ya Mzee yalikuwa yamezimika kabisa. Nikaisogeza simu karibu na feni, tukaisikiliza wote wawili.

"Moto umesimama?" akauliza.

Hakuwa na tundu la ufunguo tena, mwanangu. Alikuwa na neno langu tu, neno la mtu aliyemdanganya.

"Umesimama wima, Mzee."

Akavuta pumzi. "Basi nimeiona."

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukiharibu, nenda na ulichoharibu mkononi, siku hiyo hiyo, kabla aibu haijakufundisha njia ya kuzunguka. Usimpelekee anayekupenda furaha ya kupulizwa. Ataitambua, na atakunyamazia kwa huruma, na huruma hiyo itakuuma kuliko kofi. Na kama yuko mtu katika mji huu anayekumiminia kikombe, usimwache akanywa viwili.

Mungu akupe mtu wa kumwonyesha pistoni yako iliyolegea. Akupe na Jumamosi za kutosha. Moto wako usimame wima, hata pale ambapo hakuna anayeuona. Amina.