Tuzo ya Mama Mwenye Nyumba

Watu wale walikuja siku ya Jumanne na utepe mrefu wa kupimia, wakaanza getini na kuishia ukuta wa nyuma, wakiwaruka wanafunzi wangu waliokuwa wameketi chini wakipinda mapindo ya sketi. Hawakutueleza chochote. Anayepima ua wa mtu huku Old Kampala hana haja ya kueleza.

Ua wenyewe ulikuwa wa mjane wa askari polisi, mama wa kutoka kaskazini. Mume wake alipofariki, alitupa vyumba viwili vya nyuma bila kodi, ili vijana walioacha shule wapate pa kujifunzia kazi. Chumba kimoja kilikuwa cha cherehani, na hicho ndicho changu. Mimi ni Mkenya. Asubuhi nilifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja Nakasero, na mchana nilifundisha kushona. Chumba cha pili kilikuwa cha kutengeneza simu, na mwalimu wake alikuwa kijana wa boda boda aliyepaki pikipiki yake kila alasiri akawa fundi. Hatukulipwa, wala hatukudai.

Tungeweza kumuuliza mama kama anauza nyumba. Kila siku saa kumi alitoka na birika la chai, akauliza nani hajafika leo na kwa nini. Nafasi ilikuwepo. Lakini ukimuuliza mtu atakujibu, na jibu ndilo tuliloliogopa. Nikaanza kutafuta chumba kingine kimyakimya. Nilikwenda hadi Ggaba, kando ya ziwa, nikaambiwa kuna banda karibu na soko la samaki. Nilipofika lilikuwa limejaa mitumbwi mibovu. Kanisani kwangu ukumbi ulikuwa na kwaya mchana kutwa. Wenye majengo wengine walinisikiliza kwa upole, kisha wakataka kodi ya miezi sita kwanza.

Wazo la tuzo alilitoa fundi wa simu. Kwa kweli tulikuwa tumetaka siku nyingi kuwashukuru wanaojitolea na wale wanaotusaidia. Sasa shukrani hiyo ilipata kazi nyingine.

"Mtu umemshukuru mbele ya mtaa mzima," alisema, "kesho atakufukuza na uso gani?"

Nilianza kumweleza kwamba shukrani ya namna hiyo inaweza kumbana mtu. Akaniambia nitaeleza mpaka posho, ugali wa huku, ipoe, na yeye alichohitaji kwa sasa ni tenti. Nikaenda kutafuta tenti.

Hapa Kampala msichana hupiga magoti anapomsalimu mkubwa au kumshukuru. Ni adabu ya kila siku. Utaiona hata kando ya barabara, kwenye vumbi. Tulikubaliana kwamba mama atakapoitwa, vijana wote watapiga magoti kwa pamoja, wavulana nao. Tulifanya mazoezi mara kadhaa alipokwenda sokoni.

Jumapili ilifika. Mwenyekiti wa mtaa alichelewa, kama kawaida. Tulimwita kwanza mama muuza mboga wa soko la Nakasero, aliyetuletea majani ya nakati na viazi vitamu kila wiki. Alicheza hadi mbele, na cheti akakitumia kujipepea. Fundi wa nguo aliyetupa mabaki ya vitambaa alipigiwa vigelegele. Fundi wa simu alipoitwa, wanafunzi wake walimtania kwamba leo amenawa grisi ya pikipiki. Mimi nilikuwa na kipaza sauti, nikicheka pamoja nao.

Mwisho nikamwita mama. Alikuja polepole, amejifunga shali nyeupe, na vijana wakashuka chini wote kwa mara moja. Ilikuwa nzuri kupita mazoezi. Alisimama katikati yao akiwatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Simameni," alisema, kwa Kiswahili chake cha kambi za polisi. "Hii kitu ni asante, ama ni kuomba?"

Fundi wa simu aliinamia viatu vyake. Mama akanigeukia mimi.

"Ni yote mawili, mama," nilisema.

Alichukua kipaza sauti, akaomba kiti. Akatuambia nyumba imeshauzwa na walioinunua wanaichukua Ijumaa. Kila siku alipoleta chai alikusudia kutuambia, akatuona tumeinamia kazi, akarudi ndani. Mume wake amezikwa kaskazini, na dada yake mwenyewe aliyebaki huko haoni tena. Alitaka kwenda angali anaweza kupanda basi bila kushikwa mkono.

"Nimechoka kuwa mama ya watu yote," alisema. "Nataka kuwa dada ya mtu moja. Mniache niende."

Nikampa tuzo yake. Nikamwambia asante, safari hii bila neno lingine nyuma yake, na nikamtakia safari njema. Alinishika shingo akanivuta kwake. Mwenyekiti akasimama kuhutubia, akasema maneno mengi kuhusu vijana na kesho yao, na watu wakapiga makofi kwa sababu soda zilikuwa zimeanza kugawiwa.

Tulipokuwa tukipanga viti, alinijia msichana aliyekuwa katikati ya kushona gauni lake la kwanza. Mikono ya gauni ilikuwa bado haijashonwa.

"Mwalimu, Ijumaa ikipita tutakuja wapi?"

Mimi ni mtu wa kueleza. Nilitafuta pa kuanzia, sikupaona. Nyuma yake cherehani zilikuwa zimepangwa ukutani, nzito, na sikujua hata moja ingelala wapi.

"Sijui," nilimwambia. "Jumatatu ya baada yake njoo hapa hapa getini. Utanikuta nje."

Akauliza kama alete na gauni. Nikamwambia alete.