Dakika Saba za Mama Leso

Pale Kasingirima, mtaa wa wavuvi kando ya ziwa, kila mtu alijua kwamba mtafsiri wa filamu ni Feliksi. Sauti yake nzito ndiyo iliyojaza kibanda chake cha mabati cha kuonyeshea filamu kila Jumamosi alasiri, hasa siku za mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliki na wavuvi hawana pa kujiweka. Wasichokijua ni kwamba Feliksi aliishia darasa la saba, na yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo yalimtoa jasho. Aliyeyaweza ni mkewe, Angelina. Kila Ijumaa, akishafunga cherehani yake sokoni Mwanga, alirudi nyumbani kuitazama sehemu ya kesho peke yake, akiiandika kwa Kiswahili kwenye daftari, mstari kwa mstari. Kesho yake Feliksi alishika maiki, akalisoma daftari kwa mbwembwe, na sifa zote zikawa zake. Angelina hakuwahi kulalamika kwa hilo. Lililomkera lilikuwa lingine.

Angelina alikuwa mwanamke wa kupendeza na alipenda kupendeza, tusimung'unye maneno. Mama yake alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa na mabunda mawili ya vitenge, na binti alirithi jicho lake. Hina haikumkauka viganjani. Alisema kwa sauti ya chini, na machozi yalikuwa karibu: arusini analia, msibani analia, mtoto wa jirani akifaulu mtihani analia pia. Wenzake sokoni walimcheka kwa ulaini huo. Walimcheka, lakini mtu akiuguliwa, wa kwanza kubisha hodi na chupa ya uji alikuwa yeye, na hapo hakuna aliyecheka.

Kwa miezi minne kibanda kilikuwa kinafuatilia tamthilia moja ya wafalme, ya nchi za mbali. Ilikuwa na wanawake wawili, na watazamaji waliwabatiza wenyewe. Mmoja alivaa suruali ya ngozi na kukata watu kwa panga. Huyo wakamwita Komando. Mwingine, ambaye Komando alimcheka kila mara, alidarizi, alichemsha chai, alijipamba, alilia. Huyo wakamwita Mama Leso. Akitokeza tu uso, kibanda kizima kinazomea.

"Ruka! Ruka huyo, DJ!"

Feliksi alijua kusoma watu kuliko kusoma maandishi. Maneno ya Mama Leso ambayo mkewe aliyaandika kwa uangalifu, aliyatupa, akamtungia mengine kwa sauti ya puani kama mbuzi mchanga: "Jamani mie naogopaa, kucha zangu zitakatikaa!" Kibanda hoi. Na aliyecheka kuwapita wote alikuwa Happiness, binti yao wa kidato cha pili, aliyekaa mbele na rafiki zake.

Hilo nalo lingevumilika. Lakini siku moja Angelina alikuwa anapita barabarani na binti yake, kitenge kimemkaa, hina mpya mikononi, na Adolf, fundi wa injini za maboti, akapaza sauti: "Oyaa, Mama Leso huyo!" Vijana wote wa gereji wakaangua kicheko. Happiness naye akacheka. Kisha akavuka barabara, akatembea upande wa pili mpaka nyumbani.

Jioni Angelina alimuuliza amemkosea nini.

"Mama, kwani huwezi kuwa kama watu wengine?" Happiness alijibu, bila kumtazama.

Tangu siku hiyo hawakuongozana tena, hata kwenda kanisani.

Ndipo ikafika sehemu ya mwisho ya tamthilia. Ijumaa ile Angelina aliitazama na kalamu mkononi. Komando amechomwa tumboni, amelazwa chumbani anakufa. Mama Leso anaingia na beseni la maji na kitana, anamfuta damu, anamfumua nywele zilizoshikana kwa vumbi la vita, anamsuka. Dakika saba. Hakuna ngumi, hakuna panga. Angelina aliandika kurasa mbili, na chozi likamharibia wino.

Asubuhi Feliksi alizipitia, akafunga daftari.

"Hii naruka. Dakika saba watu wanasukana? Watanibomolea kibanda."

"Baba Happy, nakuomba usiruke."

"Wewe andika, Mama Happy. Watu nawajua mimi."

"Happy atakuwepo."

"Sasa Happy anahusikaje?"

Angelina alimsogezea tena daftari. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli: binti yake akiimaliza hadithi ile amebaki na sauti ya mbuzi tu, hata mama yake ataendelea kumwona kichekesho.

Alasiri alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliingia kibandani, akakaa kwenye kigoda kando ya mashine ya video. Mabati yalikuwa yanachoma na watu walibanana hadi mlangoni. Komando alipoanguka, watu walishika vichwa. Kisha kwenye kioo mlango ukafunguka, akaingia Mama Leso na beseni lake.

"Aaaah! Ruka huyo!"

Feliksi akanyoosha mkono kuchukua rimoti. Angelina alimuwahi, akaiweka kigodani na kuikalia.

"Mama Happy, usinivunjie heshima," Feliksi alinong'ona, akasahau kwamba maiki iko mdomoni. Kibanda kizima kilisikia, na kicheko kikalipuka. Kabla hakijatulia, Angelina alikuwa ameichukua na maiki.

"Mama Leso mwenyewe kashika usukani!" Adolf alipiga kelele.

Angelina alitazama mbele. Happiness alikuwa ameficha uso magotini. Moyo wa mama ulitaka kuachia kila kitu na kukimbia, lakini mkono ulikuwa umeshafungua daftari lililokuwa juu ya mashine.

"Anasema, nimekuletea maji ya moto," alisoma, kwa sauti yake ileile ya chini. "Anasema, usiongee, utachoka bure."

Wakagonga mabati. Ndala ikarushwa, ikapiga spika. Watu watatu wakatoka wakisonya.

"Umenimaliza," Feliksi alisema.

"Komando anasema, nisuke. Mara ya mwisho kusukwa nilikuwa na miaka sita. Baada ya hapo wakanipa panga," Angelina aliendelea kusoma.

Mwinshehe, nahodha wa boti inayokwenda Kagunga, mtu ambaye hata polisi humsalimia kwanza, akainuka. Angelina alidhani anakuja kuchukua rimoti. Mwinshehe akamwekea Adolf mkono begani, akamkalisha.

"Yewe, kijana, tulia tusikie."

Zogo likapungua, halikuisha. Angelina akageuza ukurasa, akafika pale wino ulipoharibika. Mstari aliukumbuka vizuri sana. Alijaribu kuusema mara mbili. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa kilio chake, kikubwa, mbele ya kibanda kizima. Wapo waliocheka. Kwenye kioo midomo ya Komando ilikuwa inacheza na maandishi yanapita, hakuna wa kuyasema.

Mbele kabisa, mtu akasimama.

"Komando anasema..." Ilikuwa sauti ya Happiness, inayosoma polepole kama darasani, macho kwenye kioo. "Anasema, nilikucheka mbele za watu."

Maandishi mengine yakaja.

"Anasema... nilidhani nikicheka na mimi, hawatanicheka."

Sauti ikamkatika. Alibaki amesimama vilevile, amewapa watu mgongo, mabega yanatetemeka. Kwenye kioo Mama Leso aliinama kujibu. Angelina akajifuta kwa upindo wa kitenge, akasogeza maiki, daftari akaliacha chini.

"Tulia," alisema. "Usitikise kichwa, namalizia huku nyuma."