Ottilia na Laptopu za Mchanganyiko

Ofisini walimwita "fundi", na Ottilia Komba aliitika, ingawa kazi aliyoajiriwa nayo ilikuwa na jina refu la Kizungu. Kampuni yao pale Mbinga mjini ilitengeneza programu za vyama vya ushirika wa kahawa. Vyama vilipoongezeka, wafanyakazi nao waliongezeka, na kila mfanyakazi mpya alihitaji laptopu. Zote zilipita mikononi mwa Ottilia. Aifute, aiwekee mfumo, programu za kazi, ulinzi, akaunti ya mwenyewe, kisha aende kwenye nyingine aanze upya. Kuna watu walioripoti kazini wakashinda wiki nzima wakinywa chai kwa sababu mashine hazijawa tayari, na lawama zote zikamwangukia fundi.

Akachoka. Jumamosi baada ya Jumamosi alikaa akaandika maelekezo ambayo kompyuta ingeyasoma na kuyatekeleza yenyewe: unachomeka flashi, unawasha, unakwenda zako kula, ukirudi, imeshajipanga. Aliyajaribu kwenye laptopu za ofisini, ambazo zote zilikuwa za aina moja, na yakafanya kazi bila kusita. Siku hiyo alicheka peke yake mle stoo alimofanyia kazi.

"Bosi, naomba jambo moja tu," alimwambia Cuthbert Ndunguru, mwenye kampuni. "Hizo mpya utakazoagiza ziwe za aina hii hii. Nyingine sijaziandalia."

"Hilo dogo, fundi."

Ottilia akaamini, akapiga simu nyumbani Mbamba Bay, kando ya ziwa. Mdogo wake Kilian alikuwa amepata mtoto wa kwanza na alimtaka yeye awe mama wa ubatizo. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Wafanyakazi wapya wangeanza Jumatatu. Laptopu zingefika Ijumaa, azimalize siku hiyo hiyo, Jumamosi ateremke ziwani. Kitenge kilikuwa kimeshashonwa.

Ijumaa mchana mzigo ukashushwa. Ottilia alifungua boksi la kwanza, la pili, la tatu, kisha akasimama mikono kiunoni. Hii nyeusi, ile ya kijivu, nyingine nene kama tofali. Kila moja na kiwanda chake, na zote zilishatumiwa na watu wengine huko zilikotoka.

"Bosi, ndizo hizi?"

"Nimezipata kwa bei nzuri Dar," Cuthbert alisema, amefurahi kweli. "Si mfumo wako unazipanga wenyewe?"

"Nilikuambia ziwe aina moja."

"Aa, jaribu kwanza."

Akajaribu. Chache zilikubali. Nyingi zilifika nusu ya njia zikakwama, kwa sababu maelekezo yake hayakuzitambua kadi zao za mtandao, na bila mtandao hazikuweza kuendelea. Moja ilijizima na kujiwasha, ikajizima na kujiwasha, hadi akaichomoa kwa hasira. Ikabidi atafute programu za kila aina, azipakue kwa mtandao ule wa kusuasua, na kuiongoza kila mashine kwa mkono wake. Yaani kazi ile ile aliyodhani ameizika.

Jumamosi Kilian akapiga simu. "Dada, unapanda gari la saa ngapi? Mama anauliza."

"Nipe mama." Sauti ya mama Rosina ilipoingia, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko njiani?"

Ottilia alitazama meza iliyojaa mashine. "Bado, mama. Kazi imenibana."

"Padri hangoji kompyuta," mama akasema, akamrudishia Kilian simu.

Jumapili, misa ikiwa imekwisha, iliingia picha. Mtoto alikuwa amevaa nguo nyeupe, na aliyembeba alikuwa Aurelia, binti wa mama mdogo, aliyetafutwa asubuhi ile ile asimame mahali pa Ottilia. Ottilia aliitazama, akageuza simu kifudifudi, akaendelea na kazi. Machozi yalimtoka akiwa anaandika maneno ya siri ya watu asiowajua.

Jumatatu kila mgeni alikuta mashine yake tayari. Saa ya chai Cuthbert akasimama mbele ya wote. "Mnaona? Kwetu siku hizi laptopu zinajipanga zenyewe!" Wakapiga makofi.

"Hazikujipanga," Ottilia akasema. Akaweka kikombe mezani. "Nimezipanga mimi, moja moja, Jumamosi na Jumapili. Mtoto wa mdogo wangu amebatizwa, mimi niko stoo."

Cuthbert akakuna shingo. "Ungesema, fundi."

"Nilisema. Kabla hujanunua, nilisema. Kuanzia leo usiagize mashine kabla sijaiona. Ukiagiza, utaipanga mwenyewe."

Cuthbert alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka, akaitikia. Na kwenye manunuzi yaliyofuata alimwita kweli. Ottilia alichagua, hakumshukuru.

Jumamosi ya wiki ile ile ya makofi aliteremka Mbamba Bay. Mama alimpakulia ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mbasa, hakuuliza habari za kazi. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa Aurelia.

"Utamsimamia kipaimara, dada," Kilian alisema kwa upole.

"Miaka mingapi hiyo?" Ottilia akajibu, akamega tonge. Baadaye Aurelia alimpa mtoto ambebe, naye akampokea, lakini hasira ilikuwa bado kifuani.