Mtungi wa Kuokoka

Bi Zakiya wa Mji wa Kale huuza mihogo ya kukaanga pale ufukweni Mama Ngina, na kila bamvua ikifika moyo humwenda mbio. Maji hujaa hadi juu ya mawe, na yakianza kutoka hayamuulizi mtu jina. Mwokoaji wa zamu hakuna. Mlinzi ni Mwenyezi Mungu, lakini Bi Zakiya aliona ni utovu wa adabu kumwomba huku umekaa umekunja mikono.

Basi akakusanya mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia, ile ya manjano, akakaza vizibo, akaifunga kamba ndefu na kuitundika penye ngazi za kuteremkia baharini. Kila mmoja akauandika kwa rangi nyekundu: OKOKA.

Watu wa bara wakipita husoma, kisha humjia kumpa mkono. "Bwana asifiwe, mama!"

"Asifiwe, mwanangu, asifiwe," huitikia, akiwaza kumbe watu wa bara wana adabu hivi.

Sikukuu moja Mutanu, muuza chai jirani yake, alikuja na mdogo wake Samuel, ndio kwanza ashuke basi la kutoka kwao bara, pale Mwembe Tayari. Kuogelea alijifunzia mtoni, maji ya magoti. Akajitosa baharini vivyo hivyo, na maji ya bamvua yanatoka. Kufumba na kufumbua, kichwa chake kikawa kama kifuu kinachoelea.

Bi Zakiya akatupa upawa, akanyakua mtungi, akauvurumisha. Ukaanguka puu karibu na sikio la Samuel.

"Okoka, baba! Okoka!"

"Nimeokoka!" akajibu akigugumia maji. "Tangu... sekondari!"

"Hujaokoka, nakuona! Okoka sasa hivi!"

"Hata... kwaya... naimba!" Akazama, akaibuka.

Mutanu akajishika kichwa. "Zakiya! Kwetu kuokoka ni kumpokea Yesu!"

"Ala! Basi nimwambieje, na mtu anakufa?"

Mutanu akavuta pumzi. "Samuel! Shika hilo dude la manjano, mjinga wewe!"

Hapo akalishika. Wakamvuta wawili hao, buibui la Bi Zakiya limelowa hadi kiunoni, mpaka akatua ngazini akitapika chumvi.

"Mama," akasema akitetemeka, "nilidhani wataka kunihubiria."

Bi Zakiya akamfunika leso. "Alhamdulillahi. Roho yako sina neno nayo, baba. Mie nilikuwa nautaka mwili."