Foleni ya Wakwe

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa na cheo kirefu kuliko uzoefu wangu: Mratibu wa Misaada ya Kibinadamu, Kanda. Hiyo "Kanda" sikuwahi kuielewa, maana ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha kupanga pale Msasani ya Tukuyu, si ya Dar es Salaam, ubavuni mwa fundi cherehani, na kanda nzima tulikuwa wawili, mimi na dereva. Lakini mama yangu kule Singida alikitangaza cheo hicho mtaa mzima, hata kwa watu ambao hawakuuliza. Nami, sitadanganya, nilikuwa nakiandika kwa herufi kubwa.

Vita iliyonipeleka huko haikuwa ile ya kutangazwa redioni. Vijiji viwili vya milimani, ambavyo sitavitaja kwa kuwa vimeshapatana na vinaoana kama zamani, viligombania mpaka. Ubishi ulianzia kwenye malisho, ukahamia kwenye migomba iliyokatwa, ukaishia kwenye nyumba zilizochomwa. Watu wakakimbia na watoto na masufuria. Nilipofika mimi, mambo yalikuwa yametulia, wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa, na waliounguliwa nyumba walikuwa wamehifadhiwa kwenye shule moja ya msingi upande wa kwenda Ikuti. Ilikuwa likizo. Jumatatu shule ingefunguliwa, nao wangerudi kwao kujenga. Kazi yetu ilikuwa kuwapa cha kuanzia kabla hawajaondoka: bati, blanketi, majembe na viazi mviringo vya mbegu. Viazi hivyo vilikuwa vimeshaanza kuchipua ndani ya magunia. Asiyevipata wiki ile asingekuwa na cha kupanda msimu ule.

Wiki mbili nzima niliandikisha watu huku mvua ikinyesha. Mimi natoka mahali ambapo mvua ikinyesha watu wanapigiana simu kuambiana. Tukuyu nilijifunza kuandika huku daftari limefunikwa kwa mfuko wa nailoni, na kula parachichi asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu kila niliyemwandikisha alinipa moja.

Miongoni mwa waliohifadhiwa alikuwepo mama mmoja kijana, aliyejifungua palepale darasani chini ya ubao uliokuwa bado na jedwali la saba. Mumewe alikuwa machimboni Chunya. Nilipomuuliza jina la mkuu wa kaya, alitazama sakafu. Nikauliza tena.

"Dada, we andika tu," akasema.

"Niandike nini sasa?"

Mwishowe mwanamke wa jirani akanitajia jina kwa sauti, na huyo mkuu wa kaya kumbe alikuwa baba mkwe wake, mzee mjane aliyekuwa barazani hatua chache tu kutoka pale. Pembeni ya jina la yule mama nikaandika: *Hana uhakika na kaya yake.* Nikaweka na alama ya kuuliza.

Na yule mzee naye nilikuwa na neno naye. Nilimpa nafasi darasani pamoja na familia yake, mkeka na kila kitu, lakini kila asubuhi nilimkuta barazani amejikunja ndani ya koti, magunia mawili chini yake. Baridi ya Tukuyu si ya kuchezea. Nikamuuliza kwa nini analala nje. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa kule, hakina z wala r. "Nje kusuli tu, binti," akanijibu, akacheka. Nikaandika kwenye daftari: *Mkorofi. Anakataa malazi.*

Ijumaa ya ugawaji niliamka na furaha zangu. Foleni nilikuwa nimeipanga kwa kaya: mkuu wa kaya mbele na kadi yake moja, nyuma yake wanawe na wake za wanawe, ili watu wa nyumba moja wasaidiane kubeba bati. Nikachora mistari ya chokaa uwanjani, kila kaya na namba yake. Dereva aliitazama mistari ile, akajikuna kichwa, akasema yeye ni mtu wa Mbozi, yasiyomhusu hayasemi. Nilidhani anakwepa kazi ya kubeba.

Saa tatu wazee wakajipanga. Vijana wa kiume wakajipanga. Wake zao wakatoweka. Nilipoangaza vizuri niliwaona kwenye migomba nyuma ya shule, wamegeuza migongo, kanga vichwani. Nikachukua kipaza sauti.

"Kina mama, karibuni kwenye foleni! Kila mmoja asimame nyuma ya baba mkwe wake!"

Nilisema hivyo. Kwa kipaza sauti. Uwanja mzima ukakohoa. Mzee mmoja alivua kofia akajifunika nayo uso. Kule kwenye migomba wanawake wakarudi nyuma hatua kumi zaidi.

Hasira zangu ziko karibu, huwa zinafika kabla ya akili. Nikatangaza kwamba ikifika saa sita, ambaye hayupo kwenye foleni anakatwa jina, na mgao wake unarudi Mbeya kesho na lori. Saa sita ikafika, nikawakata. Kwa kalamu nyekundu na rula. Yule mama wa darasani nilimkata wa kwanza, kwa kuwa nilishamtilia shaka. Baba mkwe wake alikuwa amesimama mbele yangu na kadi, peke yake.

"Familia yako iko wapi, mzee?"

"Ipo," akasema.

Nikampa mgao wa mtu mmoja: blanketi moja, jembe moja, bati chache. Viazi, kwa utaratibu wetu, vilikuwa vya mama mwenye mtoto, na huyo nilikuwa nimeshamkata. Akapokea kwa mikono miwili, akasema ndaga, yaani asante, akarudi barazani kwake.

Jioni nilifika nyumbani Ibighi nikiwa bado nafoka. Mwenye nyumba wangu alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa kicheko kikubwa, na jioni ile alikuwa jikoni anapika mbalaga, zile ndizi zao za nyama. Nikamsimulia ukaidi wa wanawake wale, mistari yangu ya chokaa, na nilichokisema kwenye kipaza sauti. Alishusha mwiko. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta gunia la mkaa akakaa juu yake.

"Nyuma ya baba mkwe! Mwanangu, umetaka kuwaaibisha watu wa watu!"

Ndipo akanieleza. Kule kwao mke wa mwana humwogopa baba mkwe. Hamtazami machoni, hatamki jina lake, akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Hawalali chini ya paa moja. Si ugomvi, akasema, ndiyo heshima yenyewe. Mjini siku hizi watu wamelegeza, hata wake za wanawe yeye wanapiga picha na baba mkwe wao, lakini milimani bado wanashika sana.

"Mimi hapa na unesi wangu," akasema, akijifuta machozi, "baba mkwe alilazwa wodini kwangu. Nilimwachia mwenzangu zamu wiki nzima nisimchome sindano. Angeona nini usoni kwangu, na mimi ningeona nini kwake!"

Nilicheka naye. Kwetu mkwe anaheshimiwa pia, lakini heshima yetu inaruhusu foleni. Kisha kicheko kikanikauka. Hawalali chini ya paa moja. Mimi ndiye niliyewapa chumba kimoja. Mzee yule alikuwa amelala nje wiki zote zile, kwenye baridi ile, ili mke wa mwanawe apate kulala ndani na kichanga chake. Na mimi nilikuwa nimemwandika mkorofi, kisha nikamkata mwenye mtoto. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikampigia bosi wangu Mbeya, nikamweleza yote bila kujitetea. Akasema, "Lori linaondoka shuleni kesho saa sita. Utakachogawa kabla ya saa sita umegawa. Baada ya hapo ni mzigo wa Mbeya." Nilimshukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa shuleni, na mwenye nyumba wangu amekaa kiti cha mbele na kitenge chake cha kanisani, hakukubali kuachwa. Mistari ya chokaa mvua ilikuwa imeshaifuta, nikashukuru. Mpango mpya tuliutunga njiani. Darasa lina mlango mbele, unaotazama uwanja. Nyuma lina madirisha yasiyo na vioo, yanayotazama migomba. Wanaume mlangoni, wanawake madirishani, mzigo katikati, na mimi katikati ya mzigo. Kadi naipokea mlangoni, naipeleka dirishani, mama anaweka dole gumba, vitu vinatokea dirishani. Hakuna atakayemwona mwenzake.

Saa mbili hakuja mtu. Saa tatu hakuja mtu. Wanawake walikuwa wameshafunga mizigo, nami nilikuwa nahesabu dakika za lori. Mwenye nyumba wangu akaingia mwenyewe kwenye migomba, akasema nao Kinyakyusa kwa muda mrefu, na mahali fulani katika maneno yake nikasikia "kipaza sauti". Migomba yote ikacheka. Sijawahi kuchekwa na watu wengi hivyo kwa mara moja, na sijawahi kufurahi hivyo. Wakaanza kuja.

Asubuhi ile ilikuwa raha tupu. Bati zilipita juu ya vizingiti vya madirisha, magunia yalisukumwa na mikono isiyo na sura, mtu akapiga kigelegele. Mlangoni wazee walitoa maagizo wakiutazama mwimo wa mlango: "Waambie wa nyuma wasisahau kamba!" Nami natembea hatua zile sita kwenda dirishani kurudia neno ambalo kila mtu ameshalisikia, maana hakuna aliyelijibu mpaka nilirudie mimi.

Saa tano na nusu akaja yule mzee. Alikuwa amelibeba blanketi la jana, bado kwenye nailoni yake.

"Mwambie aliye nyuma ya nyumba," akauambia mwimo, "hili ni la mtoto."

Nikaenda dirishani. Yule mama kijana alikuwa ameinamia gunia lake la viazi, analishika kama anayeogopa kunyang'anywa. Nikarudia.

"Mwambie aliye mbele ndaga fijo, asante sana," akasema, ananitazama mimi. "Lakini yeye analala nje."

Nikarudi mlangoni.

"Mwambie kesho kutwa tunaludi, na bati tunazo. Nitajenga kwangu kule, na kwake huku."

Nikaenda. Nikarudi. Dereva akapiga honi. Nikaona kama sitasema pale sitasema tena.

"Mzee, nisamehe. Niliandika kwenye daftari kwamba wewe ni mkorofi."

Akafikiri. "Hilo kweli," akasema. "Hata malehemu mke wangu alisema."

Nyuma yangu nikaitwa, "Dada." Niligeuka nikidhani kuna kilichosahaulika. Yule mama alikuwa amefungua mbeleko, na alikuwa ananipitishia dirishani, juu ya magunia matupu, mtoto wake. Hakusema nimpeleke wapi. Alielekeza kidevu mlangoni, akageuka kuitazama migomba.

Mtoto alikuwa na siku kumi na mbili. Babu yake hakuwahi kuingia lile darasa, na mama hakuweza kumpeleka. Wala mimi, mratibu, sikuwahi kufikiri kuuliza. Nilitembea zile hatua sita polepole kuliko zote, nimeshika shingo yake kama nilivyofundishwa na mama. Mzee alipangusa mikono kwenye koti, mbele na nyuma, akampokea.

Alimtazama kwa muda mrefu. Mtoto akakunja uso, akaanza kulia, na uso wa mzee ukafunguka wote.

"Kumbe ni wewe," akamwambia. "Ni wewe nilikuwa nakusikia ukutani."

Kule dirishani, aliyekuwa ametupa mgongo akacheka kwa sauti, na mzee akaisikia.